Mashine Imelipiwa, Nauli Italipwa na Nani?

Kipindi kimoja cha kusafishwa damu kwa mashine, yaani dayalisisi, hulipiwa shilingi 10,650 na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Mgonjwa ambaye figo zake zimekwisha nguvu huenda mara mbili kwa wiki, na kila mara hukaa kwenye kiti kama saa nne. Kwa wiki ni 21,300. Kwa mwaka ni 1,107,600. Hakuna mkulima wa kahawa wa Runyenjes wala wa majani chai wa Imenti anayeweza kutoa kiasi hicho mfukoni mwake, mwaka baada ya mwaka, akabaki na shamba.

Kwa hivyo bima ndiyo mlango wa kwanza. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Asiye na mshahara hukadiriwa kulingana na hali ya nyumba yake, na kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, zinazolipwa za mwaka mzima kwa pamoja: 3,600. Weka 3,600 kando ya milioni moja na ushee, na utaona kwa nini nawasihi watu wa Meru na Embu walipe kabla ya kuugua, hata kama wana malalamiko kuhusu bima hii. SHA ilipochukua nafasi ya bima ya awali, NHIF, tarehe 1 Oktoba 2024, wagonjwa wa figo walikuwa miongoni mwa waliohangaika zaidi, kwa sababu kiti cha dayalisisi hakingoji mitambo ya kompyuta itulie. Hata hivyo malipo ya kipindi yamepanda kutoka zile 9,500 za NHIF, na kwa hesabu ya shilingi kwa shilingi hakuna kitu kingine ambacho nyumba ya kawaida inaweza kununua kwa bei hiyo.

Ukisimama hapo utadhani shida imekwisha. Majirani wengi husimama hapo. "Si serikali inamlipia?" huulizwa, na kweli mashine imelipiwa. Kinachoiangusha nyumba ni kile kilicho kati ya mlango wake na mlango wa hospitali.

Tuchukue nyumba moja ya Kianjai, upande wa Tigania, ambayo mgonjwa wake anasafishwa mjini Meru. Weka bodaboda hadi steji shilingi 100, na matatu hadi mjini 200. Kwenda na kurudi ni 600. Mgonjwa aliyetoka kwenye mashine mara nyingi huwa na kizunguzungu, presha imeshuka na miguu haina nguvu, kwa hivyo hasafiri peke yake. Watu wawili ni 1,200 kwa safari, 2,400 kwa wiki, 124,800 kwa mwaka. Ongeza chai na chakula cha mchana cha 300 kwa wote wawili: 31,200. Kisha anayemsindikiza ameacha kibarua cha siku mbili kila wiki. Ukikipa kibarua hicho thamani ya 500 kwa siku, ni 52,000 nyingine. Jumla 208,000, na hatujagusa dawa. Badilisha tarakimu zangu kwa nauli ya kwenu, uwe Ishiara, Kiritiri, Mutuati au Timau, na hesabu haitabadilika umbo. Nauli peke yake imezidi mchango wa bima zaidi ya mara 34.

Ndiyo maana ulinganisho wa maana kwa mgonjwa wa figo wa sehemu hizi hauko kwenye bei ya mashine. Uko kwenye barabara, saa, mwili wa msindikizaji na sufuria ya nyumbani, na hapo ndipo jamii inaweza kusaidia kwa fedha ambazo kweli inazo.

Kabla ya 2015, wagonjwa wengi wa kutoka Mlima Kenya walitegemea Nairobi, zaidi ya kilomita 120 kutoka Embu na zaidi ya 220 kutoka Meru. Wengi walihamia kwa jamaa huko Kayole au Githurai, na wengine walirudi nyumbani kungoja. Mkataba wa kukodi vifaa ambao serikali ya kitaifa ilitia saini mwaka huo, pamoja na lawama zote ulizobeba baadaye kuhusu gharama yake, ulileta mashine za dayalisisi katika hospitali za kaunti. Leo Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Meru na ile ya Embu zote zina vitengo vya figo. Anayeishi Igoji au viunga vya Runyenjes aulize hospitali ya Chuka pia, kwa kuwa mpaka wa kaunti haumzuii mwenye SHA. Zipo pia hospitali za misheni na za binafsi katika ukanda huu, na kwa kila moja maswali ya kwanza ni mawili: je, mna mashine, na je, mna mkataba na SHA wa huduma hiyo hasa?

Kwa sababu SHA hulipa kipindi kwa kiwango kilekile, kulinganisha hospitali kwa bei ya kipindi hakutakufikisha mbali. Uliza mambo mengine. Je, kuna nyongeza anayodaiwa mgonjwa juu ya malipo ya SHA? Sindano za kuongeza damu zimo ndani ya zile 10,650, au utatumwa duka la dawa ng'ambo ya barabara? Vipimo vya kila mwezi vinafanywa hapo au unapewa karatasi uende maabara nyingine? Daktari bingwa wa figo huja mara ngapi? Sindano hizo, pamoja na madini ya chuma na vidonge vya presha, ndizo zinazoweza kuzidi nauli pale ambapo hospitali haina akiba, na mara nyingi mgonjwa huligundua jambo hilo akiwa tayari ameshikwa na hospitali moja.

Uliza pia kuhusu maji na stima. Kipindi kimoja hutumia kama lita 120 za maji yaliyosafishwa kwa kiwango cha juu. Hospitali isiyo na tangi la kutosha na jenereta inayowaka haraka itakurudisha nyumbani bila kusafishwa, na nauli umeshalipa. Migomo nayo si jambo la kubahatisha. Mwaka 2017 wauguzi walikuwa nje kuanzia Juni hadi Novemba, na mwaka 2024 madaktari waligoma siku 56, kutoka 14 Machi hadi 8 Mei. Mgonjwa mwenye busara huwa na hospitali ya pili anakojulikana, hata kama ni ya binafsi na ya mbali kidogo, na nakala ya faili lake iko nyumbani ndani ya bahasha.

Lakini swali ambalo ningeliweka juu ya yote ni la zamu. Mashine hufanya kazi kwa zamu, ya kwanza alfajiri na ya mwisho jioni, pengine hadi usiku. Mgonjwa wa Meru mjini aliyepewa zamu ya saa kumi na mbili asubuhi hana tabu. Yule wa Laare mwenye zamu hiyohiyo ama anaondoka usiku wa manane kwa gari la kukodi, ama analala mjini. Na mwenye zamu ya mwisho hutoka wakati magari ya Siakago yamekwisha. Zamu mbaya inaweza kuongeza nauli mara mbili au tatu bila mtu kuiona kwenye risiti yoyote. Wahudumu wa vitengo hivi wamelemewa, na sitaki kuwaongezea mzigo, lakini nimeona kwamba orodha ya zamu inaweza kupangwa upya pale wagonjwa wanapokwenda pamoja kueleza wanatoka wapi. Anayeishi karibu na hospitali anaweza kumwachia wa mbali zamu ya katikati ya siku. Mtu mmoja akiomba huonekana msumbufu, lakini wakienda wanane wakiwa na karatasi yenye majina, vijiji na saa za magari, ombi hilo husikilizwa.

Wako wanaochagua kupanga chumba karibu na hospitali. Chumba cha 3,000 kwa mwezi ni 36,000 kwa mwaka, na ukikiweka kando ya zile 124,800 za nauli kinaonekana ni faida tupu. Sikubaliani moja kwa moja. Mgonjwa aliye peke yake mjini hapiki vizuri, hanywi dawa kwa wakati, na hana wa kugutuka akishindwa kupumua usiku. Akihamia na mke au mume, shamba limebaki bila mtu na watoto wamebaki kwa nyanya. Chumba kinafaa miezi ya kwanza, wakati mwili haujazoea, au pale wagonjwa wawili wa siku zilezile wanapokipanga pamoja. Kwa anayetoka mbali kabisa, chumba cha usiku mmoja mmoja kwa jamaa au muumini wa kanisa lake anayeishi mjini kinashinda vyote viwili. Makanisa ya Meru na Embu yana waumini vijijini na mjini. Sijui rasilimali iliyo karibu zaidi ya hiyo, wala isiyotumika zaidi.

Sasa tuje kwenye mchango wenyewe, kwa maana hapa ndipo tunapokosea kwa moyo mzuri. Habari ikitoka kwamba fulani amepatikana na ugonjwa wa figo, ukoo huita harambee. Kadi zinachapishwa, nambari ya M-Pesa inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp, mheshimiwa anatuma bahasha. Zinapatikana, tuseme, 150,000. Sehemu inalipa madeni ya hospitali ya kwanza, sehemu inalipa karo iliyokuwa imekwama, na baada ya miezi michache hakuna kitu. Wakati huo mgonjwa bado ana safari mbili kila wiki, na ukoo umekwisha kuchoka. Kuita harambee ya pili ni aibu, ya tatu haiji.

Linganisha na hii. Watu 50 wakitoa shilingi 50 kila wiki wanapata 2,500. Hizo zinatosha nauli ya mgonjwa wetu wa Kianjai na msindikizaji wake, 2,400, na 100 inabaki. Shilingi 50 ni kama bei ya chai na mandazi hotelini. Chama cha akina mama, kikundi cha wachuma majani chai wa kituo kimoja au ushirika wa jumuiya ndogondogo ya kanisa hukutana tayari kila wiki, kwa hivyo hakuna mkutano mpya wa kuitwa. Harambee tuiwekee mambo ya mara moja, na mambo ya kila wiki yalipiwe kila wiki.

Na yapo mambo ya mara moja yanayostahili harambee. La kwanza ni mshipa wa mkononi. Wagonjwa wengi huanza kusafishwa kupitia mpira uliopachikwa shingoni. Ni wa haraka, unaweza kutumika siku hiyohiyo, lakini ni njia ya vijidudu kuingia moja kwa moja kwenye damu, na kila ambukizo ni kulazwa. Mshipa wa mkononi hutengenezwa kwa upasuaji mdogo wa kuunganisha mshipa wa vena na ateri. Huhitaji wiki 6 hadi 8 au zaidi kukomaa, kisha unaweza kutumika kwa miaka. Anayengoja apate fedha "siku moja" ndiye anayelipa zaidi, kwa homa na antibiotiki. Mkono huo usipimwe presha wala kutolewa damu, na anayemsindikiza mgonjwa alijue hilo ili aseme wakati mgonjwa hawezi.

La pili ni upandikizaji wa figo. NHIF ilikuwa na kikomo cha 500,000, na mwaka 2025 serikali ilitangaza kukipandisha hadi 700,000 chini ya SHA. Kwa anayefaa kiafya na aliye na ndugu wa kumpa figo, huu ndio uamuzi unaoirudishia nyumba siku zake mbili za kila wiki. Lakini hesabu yake haimaliziki kwenye upasuaji: kuna vipimo vya watu wawili kabla, safari za Nairobi au Eldoret, na vidonge vya kuzuia mwili usiikatae figo, vya kila siku, maisha yote. Ukoo unaochanga upasuaji bila kupanga vidonge umechanga nusu. Na figo haiuzwi. Sheria ya Kenya inaharamisha biashara hiyo, na mwaka 2025 Wizara ya Afya ilisimamisha upandikizaji katika hospitali moja ya Eldoret kwa sababu ya tuhuma za aina hiyo. Anayekuja kijijini na bei ya figo anatafuta mtu maskini wa kumkata.

Ipo pia dayalisisi ya tumbo, ambayo haihitaji mashine kubwa. Maji maalumu huingizwa tumboni kupitia mpira na kutolewa, kwa kawaida mara nne kwa siku, nyumbani. Kwa anayeishi mbali ingefaa sana, lakini inataka chumba safi, mikono safi na mifuko ya maji inayofika bila kukatika. Katika Kenya bado ni wachache wanaoitumia. Iulize kwa daktari, usiitegemee kabla ya kujua mifuko itatoka wapi.

Nirudi kwa msindikizaji. Mwezi una vipindi nane au tisa. Watu wanane wakigawana, kila mmoja anapoteza siku moja kwa mwezi, na zile 52,000 zilizokuwa zikimwangukia binti mmoja au mke mmoja zimetawanyika hadi hazionekani. Msaada huu hauhitaji hata shilingi, na ndio nisiouona ukipangwa. Kinachohitajika ni daftari la kawaida la shule, lenye mistari. Upande wa kushoto tarehe na zamu, kisha jina la msindikizaji, nauli iliyotoka kwa mweka hazina, kilo za mgonjwa kabla na baada ya mashine, presha, na dawa zilizokosekana. Daftari linasafiri na mgonjwa. Msindikizaji wa Jumanne akimkabidhi wa Ijumaa, huyu wa pili anaona kwamba kilo zimepanda tatu katikati, anajua kuna chai nyingi iliyonywewa, na anaweza kumweleza muuguzi bila kukisia. Mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji pia aonyeshwe. Tangu Septemba 2023 wahudumu hawa zaidi ya 100,000 nchini wamepewa mikoba yenye kipima presha na kipima sukari, na mgonjwa wa figo nyumbani ni kazi yao kabisa.

Kisha kuna chakula, na hapa Meru na Embu wana tatizo la pekee: karibu kila kitu kizuri kinachoota kwenye udongo huu kina potasiamu nyingi. Ndizi, parachichi, nduma, viazi, maharagwe, njahi. Figo zilizokufa haziwezi kuitoa potasiamu, nayo ikipanda inaweza kusimamisha moyo bila onyo. Majirani huja kumwona mgonjwa na mkungu wa ndizi na kikapu cha parachichi, na hakuna mwenye roho ya kuwakataza. Kwa bei hiyohiyo waletewe wazo jingine: trei ya mayai, kwa kuwa mashine humwondolea mgonjwa protini na anahitaji kuirudisha, kabeji, mchele, unga wa ugali, nanasi dogo. Viazi au nduma vikiliwa, vimenywe, vikatwe vipande vidogo, vilowekwe, vichemshwe kwenye maji mengi, maji hayo yamwagwe, kisha viive kwa maji mapya. Hiyo ni kuni zaidi na maji zaidi, na mpishi anayefanya hivyo kila siku anastahili kupunguziwa kazi nyingine. Chumvi na viungo vya pakiti vipungue, kwa sababu huleta kiu. Maji ya siku, chai na uji vikihesabiwa ndani yake, kwa kawaida hayazidi kiasi cha mkojo wa siku iliyopita pamoja na nusu lita hivi, au kama daktari alivyosema. Chupa ya nusu lita inatosha kuwa kipimo.

Ningependa kusema neno kuhusu chupa za mitishamba zinazouzwa kwenye steji na redioni kwa maelfu ya shilingi. Zinaahidi kufufua figo. Haziwezi, na baadhi huimaliza ile iliyobaki. Fedha za chupa moja zinalipa nauli ya wiki.

Wale ambao bado wazima wana chaguo la bei nafuu kuliko yote niliyotaja. Sababu kubwa za kufa kwa figo ni presha na kisukari, na vyote viwili hupimwa bure mlangoni na mhudumu wa afya ya jamii. Ndugu na watoto wa mgonjwa waanze wao, kisha waombe kipimo cha kreatinini cha damu, ambacho ni kitu kidogo mbele ya kipindi kimoja cha mashine. Na vidonge vya maumivu, diklofenaki na ibuprofeni, ambavyo mchuma majani chai hununua dukani kila wiki kwa ajili ya mgongo, visimezwe mwaka mzima bila daktari kujua. Mwenye presha au sukari asivizoee kabisa.

Kikundi kikiamua kuanza, mpangilio wangu wa fedha za kwanza ni huu. Kwanza zile 3,600, au kiasi chochote ambacho SHA imeikadiria nyumba hiyo, na tarehe ya kuisha kwake iandikwe kwenye jalada la daftari kwa kalamu nyekundu, kwa sababu bima iliyolala hugeuza kipindi kuwa deni la 10,650 papo hapo. Anayeshindwa kuzitoa kwa pamoja aulize mpango wa Lipa SHA Pole Pole. Pili nauli ya wiki nne, iwekwe mkononi mwa mweka hazina, nyumba ya mgonjwa isiulizwe. Tatu, sindano ya kuongeza damu ya akiba, kwa ajili ya wiki ile hospitali itakapokosa. Dereva mmoja wa matatu apewe nambari ya simu ya mgonjwa na siku zake, ili kiti cha mbele kikae wazi Jumanne na Ijumaa.